Asali kwenye Vidole vya Eusebia

Siku tuliyomzika Eusebia kule kijijini Mbingu, mtani wa ukoo wao, Sesilia, alifanya kazi yake kama mila inavyotaka. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, tumenawa, tumekaa kwenye mikeka tunasubiri wali, ndipo Sesilia akatoka jikoni amejifunga kanga ya marehemu kiunoni, mkononi ana kopo tupu la maziwa ya unga. Akanyata. Akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akatumbukiza vidole koponi, akavilamba kimoja kimoja amefumba macho, halafu akaruka kama mtu aliyefumwa na mama mkwe. "Sijala!" akapiga kelele kwa sauti ya Eusebia, ile nyembamba. "Haki ya Mungu sijala, hiyo mashine yenu ndiyo imekula!" Watu wakaangua kicheko, wazee mpaka wakakohoa. Agripina, binti wa marehemu, aliyekuwa amelia tangu alfajiri bila kunyamaza, naye alicheka, akafunika uso kwa mtandio. Na mimi nilicheka. Hilo naliandika la kwanza kabisa ili lisije likasahaulika mbele: na mimi nilicheka, meno yote nje, kwa sababu ningekaa bila kucheka mtu angeniuliza kwa nini.

Kwa watu wa ukoo ule, hadithi ya Eusebia mwizi wa sukari ilikuwa imezeeka, imekuwa ya kuchekea. Mgonjwa wa sukari aliyekuwa anaiba sukari, mashine ya hospitali ikamuumbua, akaachika kwa ajili ya kijiko. Watoto wa Mbingu walizaliwa wakaikuta. Mimi peke yangu pale mkekani nilijua kwamba marehemu alikuwa akisema kweli, na nilikuwa nimekaa na jambo hilo tangu miaka ya tisini, wakati nina miaka arobaini kasoro mmoja na miguu bado ina nguvu.

Mwaka ule nilikuwa mhudumu kwenye kituo kimoja cha matibabu pale Ifakara. Jina lake silitaji, maana kosa halikuwa lao. Nilipiga deki, nilichemsha vyombo, nilikokota madebe ya maji, na siku za kliniki nilikaa mlangoni nikaita majina. Shule niliishia darasa la nne, lakini majina sikuhitaji daftari. Nilimwita mtu mara moja, akija tena baada ya mwaka namjua yeye na mtoto wa mgongoni. Wagonjwa wa sukari walikuja Jumanne, kila baada ya wiki mbili, na walikuwa na chumba chao cha mwisho kwenye ukumbi, chenye dirisha la wavu, benchi moja la mninga na meza ya Nesi Kristabela. Walikaa kwa mpangilio uleule kama kanisani. Mzee Pankrasi wa Katindiuka na kofia yake ya sufi. Bi Zuhura, muuza kitoga, ambaye kanga yake ilinuka moshi wa samaki hata akiifua. Mwalimu Gervas mstaafu, aliyekuwa akisahihisha Kiswahili cha watu. Halafu Eusebia, mwisho wa benchi karibu na dirisha, mikono yake ndani ya kwapa.

Mimi na Eusebia tulipata Komunyo ya Kwanza siku moja, tukiwa tumevaa viatu vya kuazima. Baadaye aliolewa Ifakara kwa Wenseslaus, nikaolewa mtaa wa pili, na tukawa tunachota maji bomba moja. Aliniita dada Tila kwa kuwa nilimzidi miezi. Alikuwa fundi wa mikeka. Ukindu alioupasua yeye ulikuwa mwembamba kama uzi, na mkeka wake ukiulalia hausikii mshono. Msimu wa mpunga alikuwa shambani, msimu ukiisha alikuwa barazani na ukindu, kwa hiyo vidole vyake havikupata kupumzika. Vilikuwa vimepasuka, vina nyufa kama matope yaliyokaukia juani.

Kabla ya mashine, wagonjwa walikuwa wanaleta mkojo kwenye chupa, unachemshwa na dawa ya bluu, ukigeuka rangi ya tofali basi mambo mabaya. Hakuna aliyeumia. Mwanzoni mwa mwaka ule ndipo ikaja mashine yenyewe, ndogo, unene wa kipande cha sabuni ya kufulia, na visindano vyake na vijiti vyake vya karatasi. Nesi Kristabela alikuwa na roho safi lakini mkono wake ulikuwa wa kuchoma mbuzi. Alishika kidole cha shahada, akachoma katikati ya nyama palepale mtu anaposhikia sindano, jembe, kisu na rozari. Damu ikikawia alikamua. Mzee Pankrasi, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa akianza kuomba Salamu Maria kabla hajafika mezani. Bi Zuhura alisema, "Nesi, mimi kitoga namchoma mwiba nikimkuta amekufa. Wewe unanichoma mzima!" Eusebia alirudi benchini ananyonya kidole, na wiki nzima mkeka wake ulilala barazani, maana kidole cha shahada ndicho kinachobana ukindu.

Mimi niliona. Siku moja wagonjwa walipokwisha kuondoka nikamwambia, "Nesi, kwa nini usiwachome pembeni?"

"Pembeni ya wapi, Mama Remi?"

"Pembeni ya kidole, hapa karibu na ukucha. Tena kidole hiki cha pete ambacho hakina kazi. Mimi nikichomwa na mwiba katikati nalia, nikichomwa pembeni naendelea kuosha vyombo."

"Haya, daktari wa ufagio," akasema, akacheka. Lakini alikaa, akachukua kisindano, akajichoma mwenyewe pembeni ya kidole cha pete. Akakaa akikiangalia. "Hee," akasema. Jumanne iliyofuata akawachoma wote pembeni, na Mzee Pankrasi hakufika hata katikati ya Salamu Maria. Mwalimu Gervas alisimama akanipa mkono. Nakumbuka nilikwenda nyumbani siku ile nikiimba. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kusimama kwa ajili yangu.

Ukaja mwezi wa tano na baridi yake. Asubuhi mikono ya watu ilikuwa ya barafu, damu haitoki, na Nesi akarudia kukamua. Nikaanza kuweka beseni la maji ya uvuguvugu mlangoni. "Leteni vidole!" nilikuwa naita, nao wanacheka, wanainama kwenye beseni mmoja mmoja, nawashikilia mikono majini, naisugua kuanzia kiwiko kuteremka chini. Wakifika mezani damu inachuruzika yenyewe. Bi Zuhura akanibandika jina la Mama Vidole. Ningeishia hapo, kwenye maji na pembeni ya kidole, leo nisingekuwa na sura hii ya kuandika. Ila nilikuwa nimeonja kusifiwa, nikataka zaidi.

Shemeji yangu Tadei alikuwa na mizinga milimani upande wa Mbingu, na mwezi ule alituletea asali. Nyumbani kwetu asali ilikuwa dawa ya moto, ya nyufa za visigino, ya chuchu za mama anayenyonyesha. Sikufikiri mara mbili. Nilijaza kichupa cha dawa ya kikohozi, nikakitia mfukoni mwa gauni la kazi, na Jumanne Eusebia alipotoa mikono kwenye maji nikaikausha, nikadondosha tone kwenye kiganja changu, nikampaka vidole vyote, nikasugua mpaka ikapotea, halafu nikafuta kwa kitambaa kikavu. Mzee Pankrasi naye nilimpaka, kwa sababu naye alikuwa na nyufa. Wengine sikuwapaka, kichupa kilikuwa kidogo. Nesi aliwapitishia pamba ya spiriti kama kawaida, akachoma. Sikumwambia. Nilijua angesema niache mambo ya kienyeji, na mimi nilitaka iwe siri ya mkono wangu.

"Leo sijasikia hata," Eusebia aliniambia pale nje, akikunjua na kukunja vidole. "Dada Tila, una mkono wa malaika wewe." Jioni alipita nyumbani na kibakuli cha mlenda na perege wawili wa kukaanga, tukala jikoni kwangu, yeye akila kwa mkono uleule, ananionyesha nyufa zinavyofunga.

Siku ile ya kwanza namba yake iliruka. Alikuwa amezoea nane, tisa. Ikawa kumi na saba. Daktari Lukas, tuliyemwita daktari ingawa alikuwa tabibu, alimwita mbele ya benchi. Alikuwa kijana msafi, shati limepigwa pasi, anayaogopa makosa kuliko magonjwa. "Mama Agripina, umekula nini jana?" Ugali na mchicha. "Na asubuhi?" Sijala, ndivyo mlivyosema tusile. "Chai?" Sijanywa. Baada ya wiki mbili ikawa kumi na tisa. "Mama, mashine haina chuki na wewe," Daktari akasema, benchi zima linasikia. "Mashine haimjui Eusebia wala haimjui Zuhura. Inasoma kilichomo." Mzee Pankrasi naye alisomeka juu, lakini alipoulizwa alikiri palepale, "Kweli daktari, pombe ya mchele nilionja, shemeji yangu alikuwa anabatiza," watu wakacheka, yakaisha. Alikuwa amekunywa kweli, kwa hiyo hata yeye hakushangaa namba yake. Eusebia hakuwa na la kukiri. Hilo ndilo lililomponza. Mtu anayekana kila mara anaonekana mwongo kuliko anayekosa kila mara.

Daktari alimwita Wenseslaus kituoni. Akamweleza kwa heshima kwamba mke wake anakula sukari kwa kificho na kwamba asipozuiwa atapofuka. Wenseslaus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa mama yake, Bi Lukresia, waliyekaa naye uani. Siku ile ile Bi Lukresia alilichukua kopo la sukari chumbani kwake, akakwaruza alama kwa msumari mahali sukari ilipofikia. Siku ya nne sukari ilikuwa chini ya alama. Sasa mashine ilikuwa imepata shahidi. Eusebia akaondolewa jikoni. Alipikiwa, akapimiwa ugali kiasi cha ngumi, na muwa ukipita uani watoto walikuwa wanauficha mgongoni. Namba ikaja ishirini na moja, Daktari akaongeza vidonge, kutoka kimoja asubuhi vikawa viwili asubuhi na kimoja jioni. Na mimi, Jumanne ile kabla hajapimwa, nilimwona analia, nikamwonea huruma nikampaka asali zaidi.

Nilivyokuja kujua ni hivi. Jumanne ileile ya vidonge, wagonjwa wamekwisha, Nesi Kristabela aliniambia, "Mama Remi, kaa nikupime. Kila siku unashika vidole vya wenzako, chako hakijashikwa." Nikakaa, nikatoa mkono wa kulia, nikiona fahari. Akachoma, akasubiri, akaangalia mashine, akaniangalia. "Ishirini," akasema. "Mungu wangu, Domitila." Lakini Nesi alikuwa na akili. Aliusogeza mkono wangu puani kwake, akakunja uso, akasema, "Kanawe. Kwa sabuni. Turudie." Nikanawa. Akachoma cha mkono wa pili. Tano na nusu. "Ulishika nini?" akauliza.

Kichupa kilikuwa mfukoni. Nilikisikia kinagusa paja. Nilikwishaelewa yote, hakuna mtu aliyehitaji kunieleza: kidole changu kilikuwa kimesema uongo kwa sababu ya asali, na kama changu, basi na cha Eusebia, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na moja, kopo, alama ya msumari, vidonge vitatu. Nikasema, "Ndizi mbivu. Nilimenya ndizi."

"Basi kumbe," akasema Nesi. "Kuanzia Jumanne ijayo kila mtu ananawa kwa sabuni kabla ya kuchomwa." Akaandika kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Hakumkumbuka Eusebia, angemkumbukaje? Aliamini ni ndizi, na Eusebia hakuwa amemenya ndizi. Mimi nilitoka, nikakimwaga kichupa chooni, nikakiosha, nikakirudisha mfukoni kama kitu kisicho na hatia. Nilijiambia Jumanne ijayo ya kliniki atanawa, namba itashuka yenyewe, vidonge vitapunguzwa, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nimebakiza tu kuvuka wiki mbili. Nilikuwa nimeajiriwa kwa barua ya Nesi mwenyewe, na watu walikuwa wananiita Mama Vidole. Sikutaka kuitwa kitu kingine.

Lakini usingizi ulinikataa, na Ijumaa mchana nilikwenda kwao. Nilikwenda kusema. Naapa kwamba niliondoka nyumbani kwenda kusema. Nilikuta wamekaa kikao sebuleni: Wenseslaus, Bi Lukresia, kaka yake Wenseslaus aitwaye Festo, na Eusebia chini kwenye mkeka aliousuka yeye mwenyewe, miguu ameinyoosha. Chumba kilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma na picha ya Moyo Mtakatifu, na juu ya meza, katikati kama mgeni rasmi, lile kopo. Nikasalimia, "Shikamoo mama," Bi Lukresia akaitika marahaba bila kunitazama. Wakaniletea wali na kitoga cha nazi, mila haiachi mgeni na njaa hata kama mnagombana. Nikanawa, nikala. Walikula wote isipokuwa Eusebia, ambaye alikuwa amepewa ugali wake wa ngumi kwenye sahani ya mtoto, haujaguswa.

"Sisi hatumnyanyasi," Festo alikuwa anasema. "Tunamwokoa. Aseme tu nimekula, yaishe."

"Nisemeje kitu sikufanya?" Eusebia akasema. "Bikira Maria ananiona."

"Bikira Maria anakuona na kopo linakuona," akasema Bi Lukresia. Halafu akanigeukia mimi. "Mama Remi, karibu umekuja wakati mzuri. Wewe unafanya kazi palepale, unaiona mashine kila Jumanne. Hebu tuambie. Ile mashine inaweza kukosea?"

Wote waliniangalia. Na Eusebia aliniangalia, kwa namna ya mtu aliyekwisha kupona, kwa sababu mimi ndiye niliyeulizwa. Uso wake ulikuwa umelowa jasho na vidole vilikuwa vinatetemeka juu ya kanga. Nesi aliwafundisha wagonjwa kila kliniki, mimi nimesimama mlangoni nasikia: ukiona jasho na kutetemeka, sukari imeshuka mno, kula kitu haraka. Niliyaona yote mawili. Tonge lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

"Mashine haikosei," nikasema.

Eusebia hakulia. Aliinamisha kichwa akaanza kuchomoa ukindu mmoja kutoka pembe ya mkeka, taratibu, kama anatafuta mahali kosa lilipoanzia. Mimi nilinawa, nikashukuru kwa chakula, nikaaga.

Kesho yake saa sita alianguka shambani Katindiuka, akivuna mpunga. Waliokuwa karibu walimkuta anakoroma, povu mdomoni, kisu bado mkononi. Kulikuwa na miwa kando ya shamba, na mwanamke mmoja, Fortunata mke wa Tito, alitaka kumkamulia mdomoni. Wenzake wakamzuia. "Unataka kumuua? Sukari ndiyo ugonjwa wake!" Wakamfunga kwenye kiti cha baiskeli, mmoja anasukuma mwingine anamshikilia. Nilikuwa napiga deki walipoingia naye. Nesi Kristabela alimnawisha kidole kwa sabuni, akachoma pembeni, akasoma, akapiga kelele aletewe maji ya sukari na dripu. Sukari ilikuwa karibu kuisha mwilini. Alifumbua macho jioni, akalazwa siku mbili. Mimi nilimpigia deki chini ya kitanda mara nne.

Nilidhani sasa itajulikana bila mimi. Haikujulikana. Daktari Lukas alikaa kitandani kwake, mbele ya Wenseslaus na mama yake, akaeleza vizuri kabisa, kama mtu anayefanya hesabu ubaoni: vidonge vilipangwa kwa sukari aliyokuwa anaiba. Baada ya kikao aliogopa, akaacha kuiba, basi vidonge vikamzidi nguvu. "Kwa hiyo mama," akasema kwa upole, "hata kuanguka kwako kunatuambia ulikuwa unakula." Bi Lukresia akapiga kifua, "Mmesikia?" Nilikuwa nimesimama na ndoo, hatua tatu kutoka kitandani. Lilikuwa neno moja tu. Nikachukua ndoo nikatoka.

Mavuno yalipokwisha, kaka zake wa Mbingu waliitwa wakamchukua. Aliondoka kwa treni na Agripina, kitinda mimba wake wa miaka saba, na bunda la ukindu. Nilikwenda kumsindikiza stesheni, fikiria uso nilionao. Alinishika mkono akasema, "Dada Tila, angalau wewe vidole vyangu ulivionea huruma." Huko Mbingu alikunywa vidonge lakini kidole hakumpa mtu tena. Walimbembeleza manesi, mapadri, mwanawe. Alisema, "Nilitoa damu yangu ikanishuhudia uongo. Siitoi tena." Akanywa dawa kwa kukisia miaka yote hiyo. Macho yalianza kufifia, akawa anasuka kwa kupapasa, mwisho hakusuka. Kila waliposema kupofuka kwake ni kwa ile sukari aliyoiba, nilikubali kwa kichwa.

Sasa na mimi ninayo. Ilinishika miaka sita iliyopita. Mjukuu wangu Skola ananipima kila asubuhi kwa kikalamu chenye sindano ndani, unabonyeza, tii, hata huoni ilipopita. "Bibi, imeuma?" Haiumi mjukuu wangu. "Bibi, umenawa?" Nimenawa. Ananawisha tena mwenyewe, ndivyo walivyomfundisha, na mimi natazama maji yakipita kati ya vidole vyangu na siwezi kumwambia ninachofikiri.

Pale msibani nililala matanga. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta Agripina nyuma ya nyumba anaosha masufuria makubwa kwa majivu, amekunja kanga. Nikainama tukaosha pamoja. Nikamwambia kila kitu, tangu beseni mpaka tonge, bila kuruka, nikimwangalia mikono maana uso sikuweza. Alipoacha kusugua nikajua nimefika mwisho.

"Ile siku ya kikao," akasema, "ulikaa kwenye kochi la upande wa dirisha. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Sikukuona."

"Nilikuwa nimejificha." Akaanza kusugua tena, sufuria lilikwisha kung'aa. "Sukari ya koponi nilikuwa nakula mimi, mama mkubwa. Kwa kidole. Bibi akienda kanisani, naingia. Mama alikataa mbele yao wote, nami nimesimama pale ulimi mtamu. Mpaka leo Sesilia akiigiza nacheka ili wasinione." "Nilidhani nusu alikula yeye, nusu mimi. Nilijipa moyo na hiyo nusu yake. Kumbe hakula kabisa."

Nilitaka kumwambia tumekosa wote wawili. Neno lilinifika ulimini, na lilikuwa tamu, nikalijua ladha yake. Yeye alikuwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na thelathini na tisa, na mshahara, na nafasi tatu za kusema. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa mtoto. Usiniazime kosa lako nijifunikie."

Akaniuliza tufanyeje, maana waliozoea kucheka watacheka hata arobaini. Tukamwita Sesilia, akaja na mswaki mdomoni. Tulimweleza. Mtani yule, ambaye sijawahi kumwona amekosa neno, alikaa chini kwenye kinu kilicholazwa. "Jamani," akasema, "mimi miaka yote nimemwigiza dada wa watu. Arobaini inakuja, watu watanisubiri. Sasa nitamwigaje?"

"Usimwige," nikasema. "Niige mimi."

Arobaini tuliifanya Jumamosi, baada ya misa. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kuzika, na Festo alikuja kutoka Ifakara, mzee wa fimbo sasa, yeye peke yake aliyebaki katika kikao kile ukiniondoa mimi. Nilikaa mkeka wa mbele. Sesilia akatoka na beseni, kitambaa begani, kichupa kifuani. "Leteni vidole!" akaita, na ilikuwa sauti yangu, ile ya fahari, hata mimi nilishtuka kuisikia. Akawapaka watu wa mbele hewa, akajisifu, akazungusha kiuno, watoto wakacheka. Halafu akakaa kama mtu aliye kwenye kochi, akaiga kula wali, shavu limejaa. Akajiuliza kwa sauti ya Bi Lukresia, "Mama Remi, ile mashine inaweza kukosea?" Akameza. Akaliacha lipite koo taratibu, watu wote wakiona. "Haikosei," akasema.

Wachache walicheka, wale ambao hawakuwa wameelewa. Sesilia akasimama katikati, akaeleza kwa maneno ya kawaida kilichokuwa mle kichupani na nani alikuwa na nani hakuwa mwizi, akanionyesha kwa kidole. Festo alinitazama muda mrefu, akatazama fimbo yake. Hakuna aliyenitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikagundua ni rahisi kuliko kile kimya.

Wali ulipoiva, Agripina alipita na jagi na beseni kuwanawisha watu kama ilivyo kawaida, akianzia wazee. Alipofika kwangu alipiga magoti. Hakusema pole wala hakusema nimekusamehe. Alisema tu, "Nawa, mama mkubwa." Nikanyoosha mikono. Alimimina, nikasugua, nikaitoa nikidhani tumemaliza, yeye akaendelea kumimina. Nikairudisha.